Mama Aliyefagia Uwanja wa Kitsao

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 1986. Asubuhi ya manyunyu, upepo wa kusi ukituletea baridi hapa Matsangoni.

Alfajiri hiyo mamangu, Kadii, alikutwa akifagia uwanja wa jirani yetu Kitsao.

Haikuwa mara ya kwanza.

Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Kikongwe mwenye mvi, giza halijatoka, uwanja wa watu, fagio mkononi. Huo ni uchawi. Na ng'ombe wa Kitsao alikuwa amekufa juzi tu.

Kitsao akasema Jumamosi ya wiki ya pili mama atalishwa papai la kiraho, kiapo chetu cha kumbaini mchawi, mbele ya wazee. Mdomo ukivimba, ni mchawi.

Niliwajua wazee waliokatwa mapanga kwa tuhuma ndogo kuliko hiyo.

Nikafunga, nikaomba. Jibu likanijia kwa Zipporah, mwalimu wangu wa ngumbaru, aliyekuwa akinifundisha kusoma jioni ilhali nina watoto wakubwa. Kakake alikuwa dereva wa daktari mmoja Nairobi, Thuku, aliyekuwa akichunguza jinsi umeme unavyopita katika ubongo wa wazee wanaosahau.

Nilipomwambia, Kitsao akacheka hadi akakohoa. "Matsangoni nzima haina umeme, Jefwa. Kichwani mwa mamako ndiko ulikofikia?"

Tukaenda Nairobi hivyo hivyo.

Hospitalini kwa Thuku walimpaka mama dawa ya kunata kichwani, wakambandika nyaya, kalamu za mashine zikachora mistari kwenye karatasi ndefu. Kisha wakamlaza ndani ya mashine nyingine, wakampiga picha ya ubongo.

Mama hakuniachia mkono. "Usiende, baba."

Daktari akataka kujua kwa nini ananiita baba. Nikamweleza huku nikitabasamu. Mimi nimepewa jina la babake, na kwetu Wagiriama mtoto wa namna hiyo mamake humwita baba. Humpa shikamoo kwa utani, humwekea maini ya kuku. Ndivyo nilivyolelewa.

Thuku hakutabasamu. Akamwinamia mama. "Nyanya, mwanao Jefwa yuko wapi?"

Mama akaona haya, akaziba mdomo kwa leso.

"Sina mwana mimi. Hata sijaposwa. Muulize baba, huyu hapa."

Kumbe hakuwa akitania.

Tangu lini? Sijui mpaka leo. Desturi yetu iliuficha ugonjwa ndani ya nyumba yangu, mchana kweupe.

Daktari akanionyesha mistari. Umeme wa mama ulikwenda polepole, kama mtu anayechechemea. Kwenye picha, ubongo ulikuwa umesinyaa. Akasema huenda ni ugonjwa uitwao Alzheimer, na dawa ya kuuponya hakuna. Ya jana hufutika kwanza, ya utotoni hubaki.

Kisha akaniuliza mama alizaliwa wapi.

Nikamwambia, Matsangoni, kwa babake. Babu alikufa kabla sijazaliwa, nyumba yake ikaanguka, kiwanja kikauzwa, kikauzwa tena. Mnunuzi wa mwisho alikuwa Kitsao.

Mama hakuwa akiloga. Alikuwa msichana anayefagia uwanja wa babake.

Jumamosi tukakutana uwanjani hapo hapo: naibu wa chifu, wazee, watu wa kanisa letu. Papai lilikuwa tayari kwenye sinia. Nikayaeleza yote. Kitsao akaigeuzageuza karatasi ya mistari, akasema haoni kitu. Akamgeukia mama mwenyewe.

"Kadii, uwanjani kwangu unatafuta nini?"

"Pamechafuka," mama akasema. Akanitazama kwa woga. "Baba, nimekosa?"

Hakuna aliyecheka. Kitsao alilitazama lile sinia, halafu akalisukuma kando kwa mguu.

"Na aje afagie," akasema.

Wewe unayesoma, kabla hujamwita mzee wako mchawi, muulize anadhani yuko wapi, na wewe ni nani kwake.

Mimi mama alishaniuliza kama amekosa. Nikapiga magoti mbele yao wote, nikasema kwa sauti:

"Hujakosa, mwanangu. Mungu na watu hawa ni mashahidi. Kila alfajiri nitakuleta ufagie, na nitakurudisha nyumbani."