Direkteri wa Uvira Nzima

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Hata sokoni naenda nikisukumwa. Basi simu iliponiletea tangazo la kazi ya kuandika majina bila kutoka nyumbani, nikaona Mungu amesikia maombi ya wavivu. Sharti lilikuwa moja tu: kulipa kwanza pesa za mafunzo. Mama akauza kitenge chake kipya, ambacho hata kushonwa kilikuwa bado, akanipa pesa zote.

"Usinitie haya, weye," akaniambia.

Baada ya siku mbili barua ikaingia kwenye simu, na mhuri mwekundu: nimeteuliwa kuwa direkteri wa pekee wa Uvira nzima. Mwenye akili angengoja mshahara. Mimi, Jumapili ileile, nilisimama kanisani kutoa ushuhuda, nikasoma barua mpaka mhuri. Wamama wakapiga vigelegele. Mama akatoka mbele kucheza, amejifunga kitenge chake cha zamani.

Kabla sijakaa, jirani yetu Mama Riziki, muuza dagaa wa ziwani, ndagala, akainuka na simu yake.

"Bwana asifiwe! Hata miye iko nayo!"

Akasoma. Barua ileile, mhuri uleule, direkteri wa pekee wa Uvira nzima. Kule nyuma, mzee mmoja wa kijiji cha Makobola naye akainua simu yake polepole.

Vigelegele vikakatika. Mama akaacha kucheza, akanitazama mbele ya kanisa zima.

"Direkteri, twende nyumbani," akasema. "Si ndiko kazi yako iko?"