Sista Rudia Aliyekataa Kutia Sahihi

Alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 1951, mtoto wa sita wa mchonga mawe na mkunga, katika nyumba ambayo hakuna aliyejua kusoma. Alipokuwa na miaka minane baba yake aliweka dole gumba kwenye karatasi aliyoambiwa ni kibali cha kuchimba mawe. Kumbe ameuza kiwanja chote. Binti huyo aliingia utawa akiwa na miaka kumi na tisa, akasomea uuguzi, na mwaka 1978 akapelekwa wodi ya figo katika hospitali kuu inayofundisha madaktari. Alikuwa mkali kama pilipili, tusidanganyane. Kabla ya kumpa mgonjwa tiba yoyote alimweleza, kisha akamwambia, "Haya, rudia." Asiporudia kwa maneno yake mwenyewe, sista alianza upya. Ndipo wagonjwa wakamwita Sista Rudia, na madaktari wanafunzi wakampa majina mengine yasiyofaa kuandikwa hapa.

Jaribu lake lilikuja mwaka 1986, profesa wa figo alipoanza utafiti wa dawa mpya. Mgonjwa asiyejua kusoma alitakiwa kuweka dole kwenye fomu ya ridhaa, na shahidi atie sahihi kwamba mgonjwa ameelezwa, akaelewa, akakubali. Lakini kwa uvivu wa watu fomu hizo ziliwekwa mapokezi, juu ya daftari la vitanda ambalo nalo lilitiwa dole, na wino ulikuwa mmoja. Siku moja aliletwa fundi cherehani, mjane mwenye binti mmoja, miguu imemvimba. Akaweka dole mara mbili. Sista akamwuliza amekubali nini.

"Si kitanda, sista? Nimeambiwa weka dole upate kitanda."

Sista akaisukuma fomu kando. Profesa akaja juu. "Wagonjwa mia mbili wananingoja! Wewe ni muuguzi au wakili?"

"Mimi ni shahidi, profesa. Na nilichosikia ni kitanda. Dawa ya majaribio hajaitaja."

Siku hiyohiyo akahamishiwa chumba cha dobi kufua mashuka. Shahidi mwingine akapatikana chapuchapu: padri wa hospitali, mtu mwenye haraka ya kwenda kula, aliyetia sahihi fomu thelathini na moja bila kuuliza swali hata moja. Padri huyo ni mimi ninayeandika.

Mara tatu sista aliacha mashuka akaenda kumweleza fundi kwamba ana haki ya kujitoa, na mara tatu mlinzi alimrudisha mlangoni kwa amri ya profesa. Dawa ile ilimmalizia fundi nguvu ya figo iliyobaki. Alikufa wiki ya saba, akishukuru kwa kitanda.

Sista hakunyamaza. Aliandika barua kumi na nne, mikono imebabuka kwa sabuni, mpaka tume ikaundwa. Tangu hapo katika hospitali ile hakuna dole linalowekwa kabla mgonjwa hajarudia kwa kinywa chake. Yeye mwenyewe hakuna aliyemrudisha wodini. Alifua miaka kumi na tisa, akafa mwaka 2005 kwa maradhi ya mapafu. Watu wanasimulia kwamba waliolalia mashuka aliyofua walipona. Hayo siyajui. Ninalojua ni kwamba mwaka jana wagonjwa ishirini na wawili walielezwa dawa za majaribio, wakasema hapana, wakatibiwa kama wengine, nami muujiza huo unanitosha.

Sasa wanataka kumchongea sanamu pale mapokezi, na wanaoongoza kwa kelele ni walewale waliomfungia mlango. Wananikera, na nafsi yangu inanikera zaidi. Ndugu wapendwa, mkitaka kumfuata mtakatifu huyu, msianze na sanamu. Baada ya mazishi yake binti wa fundi alinijia, mtu mzima sasa, akasimama mbele yangu bila hata kuketi.

"Baba, kabla hujatia sahihi, mama alikwambia nini?"

"Sikumwuliza, mwanangu."

Basi nendeni mkaulize.