Kivuli Kwenye Shamba la Mzee Lemein

Kama uliolewa Kitengela katika miaka ile ya elfu mbili na kitu, na video ya harusi yako ilianza na majina yakishuka kutoka mawinguni, basi aliyekufanyia hivyo ni Munguti, usimlaumu mtu mwingine. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na vumbi la simiti lilikuwa linaingia mpaka tumboni mwa kompyuta. Wenzake wa kazi hiyo waliandika majina ya maharusi kwa rangi ya dhahabu, yakayumba hewani kama mlevi wa Jumamosi, yakapotea. Munguti aliona hiyo ni aibu tupu. Jina la kuandikwa na yeye lazima likanyage chini.

Na jina likikanyaga chini, alisema, lazima liwe na kivuli. Hapo ndipo kichwa kilipomvimba! Angekueleza hata kama hukumwuliza: unaandika jina, unalinakili, ile nakala unaipaka nyeusi, unailaza kwenye nyasi, unafifiza kingo zake, halafu unatazama jua liko wapi kwenye picha na kivuli unakielekeza upande wa pili. Kamera ikisogea, kivuli kinang'ang'ania mahali pake. Ikiwa ni asubuhi kinakuwa kirefu, saa sita kinajikunja chini ya herufi. Ungeapa zile herufi zilichongwa kwa mbao na kusimamishwa na mafundi. Watu wakaanza kumwita Munguti wa Kivuli, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa.

Sasa, mtu mwenye akili nyingi hivyo lazima awe amepungukiwa mahali. Munguti alipungukiwa na mke. Aliyemtaka ni Seleyian, mwalimu wa nasari palepale Kitengela, na Seleyian naye alimtaka. Shida ilikuwa baba yake, Mzee Lemein wa kule Mashuuru. Si kwamba mzee, Mmaasai wa ng'ombe, aliwachukia Wakamba kina Munguti. Alikuwa amewauzia mbuzi na kunywa chai nao miaka mingi. Lakini zamani aliishi Kitengela, wakati pale ni malisho na swara, na aliona kwa macho yake jinsi palivyoliwa. Anakuja mgeni mpole, anaomba mahali padogo tu. Kesho kuna bango la ploti, kesho kutwa kuna ghorofa. Mzee akahama na ng'ombe wake akaenda Mashuuru, asione bango tena. Na sasa mgeni mpole amemfuata hukohuko, anaomba binti.

Mara ya kwanza Munguti alikwenda na baba yake mdogo, Kimeu, wakiwa wamebeba sukari, mablanketi na asali. Mzee alipokea asali, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia. Mkuje tena mvua ikiisha." Hakusema ndiyo, hakusema la. Munguti naye alikuwa amebeba kamera. Jamani, nani huenda kuposa na kamera? Akapiga picha boma, akapiga ng'ombe wakirudi jioni, akapiga lile shamba pana lililo mbele ya nyumba, na jua likishuka nyuma yake.

Mvua ilipokuwa ikinyesha, wazo likamjia. Atampelekea mzee zawadi ambayo hakuna mkwe aliyewahi kupeleka. Akajifungia studioni, akaifanya kazi hiyo kwa roho yake yote. Herufi za MUNGUTI NA SELEYIAN zilidondoka moja moja katikati ya shamba, kila moja ikitimua vumbi lake, zikasimama zikiwa ndefu kuliko ng'ombe. Ndama mmoja alipita nyuma ya herufi akatokea upande wa pili. Na kivuli! Kivuli kililala juu ya nyasi, kikapanda kichuguu, kikashuka, kikaenda kugusa ua wa miiba. Kimeu alipoonyeshwa alishika mdomo.

"Kijana, hii ni kali. Wakiona hii watakupa msichana na ng'ombe juu yake."

Seleyian hakuonyeshwa. Munguti alitaka kumshangaza pamoja na wengine, na huo ndio ulikuwa ujinga wake mkubwa kuliko wote.

Mvua ikaisha, wakarudi Mashuuru. Televisheni ikaunganishwa na betri ya gari, majirani wakajaa sebuleni, mama yake Seleyian akakalishwa mbele; Seleyian mwenyewe alizuiwa na shule Kitengela. Herufi ya kwanza ikaanguka. Wanawake wakapiga makofi, "Eei!" Ya pili, ya tatu. Kufikia jina la Seleyian, wanaume walikuwa wamenyamaza kabisa. Munguti angeliona hilo kama angekuwa anatazama watu. Alikuwa anatazama kivuli chake.

"Baba, umeona?" Aliyeruka juu ni Sironka, kaka yake Seleyian, mtoto wa kwanza, aliyesoma mpaka chuo na kufanya kazi ya ofisi Kajiado mjini. "Ameweka bango! Ameweka bango kwa shamba yetu!"

Na akatoka mbio. Kupitia dirishani walimwona akizunguka shambani na viatu vyake vya kung'aa, ameinama, anatafuta mashimo ya nguzo. Mtu wa chuo! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Munguti akacheka, na hilo lilikuwa kosa la pili, kwa sababu hakuna mwingine aliyecheka.

"Baba, hakuna kitu huko nje," akasema haraka. "Hiyo ni kompyuta tu."

"Mimi si mjinga," mzee akamjibu kwa upole, na upole huo ulimtisha Munguti kuliko kelele. "Najua TV inadanganya. Najua hakuna mbao huko, hata kama huyu kijana yangu anatafuta."

"Sasa baba, makosa yangu ni gani?"

"Jina ikiwa juu hewani, hiyo ni jina tu, inapita. Jina ikiwa na kivuli, hiyo imekaa. Wewe ulikaa huko kwako, ukafikiria shamba yangu, ukatafuta mahali mzuri ya kuweka jina yako, ukaona ni katikati. Hata jua ulipima. Sasa kama hiyo ni mchezo, siku ya ukweli utapima nini?"

 Kupima jua, Munguti alikuwa amelipima kweli, tena kwa siku nyingi.

"Toa hiyo kivuli," mzee akasema. "Ukitoa, kuja tuongee."

Seleyian aliposikia habari hiyo alikuja studioni akiwa amewaka moto. "Si ungeniuliza! Hata mita mia mbili hatuko mbali! Ningekuambia baba yangu akiona bango hata ya soda anakosa usingizi."

"Lakini Sele, bila kivuli zitaelea."

"Wacha zielee!"

"Zitakuwa kama za wale wengine wote."

Seleyian alimtazama. "Munguti, chagua. Kivuli ama mimi."

Akanyamaza kidogo tu, lakini kwa swali la namna hiyo kidogo ni kingi, na alipoinua macho msichana alikuwa ameshafika barabarani. Ilibidi amfuate mbio mpaka kwenye kibanda cha viazi, akiapa mbele za watu kwamba amechagua, amechagua, na kivuli kiende kabisa.

Kukiweka kulimchukua msimu mzima wa mvua. Kukitoa kulimchukua asubuhi moja. Zikabaki herufi zinaning'inia juu ya nyasi kama nguo kwenye kamba, na hilo likamwuma kiasi kwamba alizipandisha mpaka angani, akazipaka dhahabu, akaziyumbisha. Alipomaliza aliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Hata hivyo akaichoma kwenye DVD, akaifunga kwa karatasi ya maua, akaenda Mashuuru peke yake, amejaa matumaini. Kivuli hakipo, neno la mzee limetimizwa, sasa atamnyima kwa lipi?

Alimkuta Mzee Lemein amesimama shambani, si nyumbani. Mbele yake kulikuwa na bango, na hili lilikuwa la mbao na bati, na nguzo zake zilikuwa zimechimbiwa kwa simiti mbichi. PLOTI ZINAUZWA, lilisema, na nambari ya simu. Nambari hiyo Munguti aliijua, kwa sababu ndiyo aliyoipiga mara nyingi akijaribu kumtuliza Sironka, shemeji yake mtarajiwa. Kivuli cha bango kilikuwa kimelala kwenye nyasi, kirefu, kikielekea boma.

Ndipo akaelewa. Siku ile Sironka hakuwa anatafuta mashimo kwa uchungu wa shamba la baba yake. Aliogopa kuna aliyemtangulia kuliuza.

"Sopa, baba," Munguti akamsalimu kwa Kimaasai.

"Epa." Mzee hakugeuka. "Tulipogawa shamba, niliandikisha jina ya Sironka. Nilisema mtoto amesoma, watu wa bango hawataweza kumdanganya. Simu yake sasa haishikwi." Akagusa nguzo kwa fimbo yake. "Ile yako, ulitoa?"

"Nilitoa, baba."

"Basi toa na hii."

Munguti alitazama nguzo, akatazama simiti.  Mwaka mzima alikuwa amemwogopa mzee huyu, na sasa alitaka tu kumshika mkono na hakujua kama inaruhusiwa.

"Hii siwezi, baba," akasema.

"Najua huwezi." Hapo ndipo mzee alipogeuka, macho yamemlowa, na hakujisumbua kuyapangusa. "Kuja na wazee wenu wiki ijayo, mchukue Seleyian. Nilikuwa nakunyima kwa sababu ya shamba."