Maziwa Yasiyo na Moshi

Nauza unga, sukari na majani ya chai mjini Isiolo. Jirani yangu sokoni, mama wa Kiborana, anauza maziwa ya ngamia. Kila asubuhi pikapu ilikuwa ikiyaleta kutoka malishoni, upande wa Biliqo, na kurudi na unga wangu. Mimi sijawahi kukamua ngamia. Watu wa huko hawajawahi kupalilia mahindi. Mambo ya biashara nimejisomea mwenyewe, na nilichoelewa ni hiki: kila mmoja akishika kazi anayoiweza, na njia ikiwa wazi, wote hushiba.

Kule kambini kwa wafugaji kulikuwa na bibi ambaye kazi yake ilikuwa kufukiza mitungi ya plastiki ya maziwa. Aliijaza moshi wa mti anaoujua yeye, akaifunga, na maziwa yakafika mjini mazima. Wateja waliyatambua kwa harufu.

Kisha mifugo ikaibwa, watu wa kwetu na wafugaji wakashukiana, na neno likapita kwa vijana wa kila upande: kila mtu ale chake, asiuzie upande mwingine. Vijana wa kwetu wakahamia kibanda cha chai kinachotazamana na duka langu.

"Mzee, unalisha watu wa nani?" mmoja akaniuliza.

"Wanaonunua."

"Sawa. Tunaangalia tu."

Dereva wa pikapu aliwasikia. Akaondoka bila kupakia, na safari zilizofuata vilevile. Jirani aliniambia kwamba unga usipofika, wafugaji watahama mbali na barabara, na yeye hatakuwa na cha kuuza.

Jana alifungua mtungi wa kwanza, akanusa, akaufunga. Akafungua wa pili.

"Jirani, njoo unuse."

Nikanusa. Plastiki tu.

"Bibi hayuko," akasema.

Dereva akakubali. Unga ulipoisha kambini, akaeleza, bibi alipelekwa Korbesa kwa binti yake. "Wanaume ndio walisafisha mitungi."

"Hiyo ni kusafisha?" nikasema. "Hata ngamia angekataa."

Kabla ya adhuhuri maziwa yalikuwa yamekatika. Jirani aliyamwaga nyuma ya soko, na ardhi kavu ikayanywa yote.

Ng'ambo, vijana walikuwa wameshika vikombe vya chai nyeusi. Mwenye kibanda hununua maziwa kwa jirani.

"Leo mnakunywa strungi?" nikawauliza.

Mmoja aliweka kikombe chini, akasimama.

"Nikirudi tupu tena, hao watahama," dereva akasema, mkono kwenye ufunguo.

Nikaingia dukani, nikatoka na gunia begani mbele ya macho yao. Niliporudi kuchukua la pili, wale vijana walikuwa wanavuka barabara. Jirani akashika upande mmoja wa gunia.

"Nyanyua," akasema. "Usiwaangalie."

Walisimama karibu nasi mpaka tukamaliza. Pikapu iliondoka imejaa. Vijana wakawasha pikipiki mbili, wakaifuata.

Asubuhi hii jirani amefika mapema, amepanguza meza yake, na ameketi akitazama njia ya kaskazini, pikapu bado haijaonekana. Nami sijafungua gunia jingine; yaliyobaki nayawekea pikapu.