Upinde Usio wa Kupigia Picha

Gela aliingia kambini jua limeshapanda, akapita katikati ya vibanda vya nyasi kifua mbele, kama mtu aliyetoka kujisaidia tu akarudi. Kumbe misimu mitatu ya mvua ilishapita hajaonekana. Alikuwa Mang'ola, kando ya barabara ya magari ya wageni, anachonga pinde za kuwauzia. Na kwa kuchonga, jamani, yule kijana msimguse. Pinde nne kwa siku, laini, zina shanga na manyoya, mgeni akiziona tu mkono unaingia mfukoni wenyewe. Hata siku hiyo alishika mmoja, mdogo, mzuri kuliko zote alizowahi kuuza. Huo haukuwa wa mgeni. Ulikuwa wa mwanawe, Magasa.

Nange, mama wa Magasa, alikuwa amekaa chini anamenya mizizi pamoja na mama yake, Bibi Shakwa. Hakuinuka.

"Umepotea njia?" Nange alimuuliza.

"Nimekuja kwangu."

"Kwako wapi? Hapa kwa mama."

Bibi Shakwa akacheka, meno yake machache yakaonekana. "Si ndiye huyu aliyesema namnyima nyama, akapiga chungu teke akaondoka? Mguu umepona?"

 Hasira ya Gela ilikaa karibu siku zote, kama kiberiti mfukoni. Lakini desturi aliijua. Mhadzabe anaishi kwa mama wa mkewe, na akikaa mbali mpaka jivu lake lipeperuke, hakuna baraza wala karatasi, ndoa ndiyo imekwisha hiyo.

"Mimi na wewe tulishamaliza," Nange alisema bila ugomvi, mkono uko kwenye mizizi. "Kama una neno, una neno na mtoto. Akikutaka, kaa. Asipokutaka, barabara unaijua."

"Ananitaka. Mimi ndiye baba yake."

"Kamwambie yeye. Hapa hatumlazimishi mtoto."

Magasa alikuwa na miaka minane hivi. Upinde wake wa zamani ulishakuwa mfupi kwake, akawa anaazima wa wenzake, na mtoto anayeazima hupiga wa mwisho, ndege wameshaondoka zamani. Gela alimkuta kwenye mawe na wenzake, akamnyooshea ule upinde. Hakuhutubia. Kwetu kitu kinatolewa tu, mwenye kupewa anachukua, hakuna kuimbiana asante.

Watoto wakazunguka. "Ona shanga." "Haya manyoya ya nani?"

Magasa akaugeuza huku na huku. "Wewe ndiye Gela?"

"Ndiye."

"Nasikia una hasira."

"Nani kasema?"

"Kila mtu."

Pembeni, ameegemea jiwe, alikuwepo Sokolo, kaka yake Nange, anatafuna asali na masega yake. Huyo maneno hayajawahi kumwishia. "Mjomba," akamwambia Magasa, "yule pimbi anajiona sana. Hebu mtie adabu."

Pimbi alikuwa juu ya jiwe, hatua kama ishirini, anaota jua. Magasa akaweka mshale, akavuta. Upinde ukavutika kama mpira. Mshale ukaenda pole pole, ukashuka, ukamgusa pimbi ubavuni, ukaanguka. Pimbi akautazama kwanza, ndipo akaondoka.

Watoto walilala chini kwa kicheko.

"Shemeji," Sokolo alisema, "huu ni upinde au ulikuwa unamtumia pimbi salamu?"

Magasa hakucheka. Aliweka mshale mwingine, akavuta kwa nguvu zake zote, na upinde ukakatika katikati kwa mlio mkavu. Kipande kimoja kikamchapa shavuni. Hakulia pia. Aliokota vipande vyote viwili, akaenda navyo mpaka motoni kwa bibi yake, akavitumbukiza chini ya chungu, shanga zikaanza kunuka.

"Angalau kuni zenyewe kavu," Bibi Shakwa alisema.

Damu ikampanda Gela. Alimfuata Sokolo mpaka pua zikakaribiana. "Wewe ndiye uliyemwambia apige."

"Nilimwambia apige pimbi. Wewe ndiye uliyempa fimbo ya kupigia picha."

"Rudia."

"Narudia. Na ukitaka kunipiga, nipige, halafu nani atahama? Sisi tukigombana mmoja anahama, ndivyo tulivyo. Wewe ulishahama mara moja. Ukihama tena, yule mtoto hata jina lako atalisahau."

Gela alikunja ngumi. Akaikunjua. Akageuka akaondoka, na Nange alivyomwona anapita mbio mbio akajua huyo ndiyo basi, anarudi zake Mang'ola. Lakini Gela hakushika njia ya barabara. Alipanda mlima.

Alipanda huku anajitukana. Kosa alishalijua kabla hajafika juu. Mgeni hawezi kuvuta upinde wa Mhadzabe. Anavuta, anatetemeka, wenzake wanamcheka, hanunui. Kwa hiyo pale barabarani wote walikuwa wanakata mti mwepesi, wanaubanika juu ya moto mchana mmoja, wanaukwangua mpaka hata mtoto wa mgeni auvute. Na walikuwa wanakwangua mpaka upande wa nje, ule wa chini ya gome, ili ung'ae kwenye picha. Sasa upande ule, aliyekulia porini anajua, haupitishwi kisu. Ndio unaobeba nguvu yote. Ukiukata, umeua upinde. Gela alilijua hilo tangu yeye mwenyewe anafukuza ndege kwa upinde wa kitoto. Lakini mkono ulikuwa umechonga wa uongo mara nyingi mpaka ukauzoea. Wa mwanawe aliuchonga kwa moyo wote, na mkono ukamtolea upinde wa mgeni.

"Mkono mjinga," alisema peke yake. "Lakini ni wangu. Utanisikia."

Akatafuta mutateko, mti ambao ukiukunja unakataa. Alikataa miti sita. Wa saba ulikuwa umenyooka, hauna fundo, unene wa kifundo cha mkono. Akaukata, akaumenya gome kwa meno, akautundika kivulini. Siku ya kwanza hakuugusa. Siku ya pili hakuugusa. Hiyo ndiyo kazi iliyomtoa jasho, kukaa bila kugusa, na kisu kiko kiunoni.

Alilala chini ya mwamba juu ya kambi, anakula pimbi aliowapiga kwa upinde wake mkubwa, aliokuja nao begani, na ubuyu wa kulamba. Hakushuka kubembeleza mtu. Alikaa tu anamwangalia mtoto kutoka juu. Aliona Magasa akisimama mlangoni kwa bibi yake, utosi unafika pale mafundo ya nyasi yanapoanza, basi urefu wa upinde akaupata. Akaona anaazima upinde wa rafiki yake Saiboko. Mikono yake ilikuwa myembamba, lakini kabla hajavuta alikuwa anapanua mabega, anavuta kwa mgongo.

"Huyo," Gela alisema. "Huyo mwanangu."

Siku ya tano akaanza kuchonga. Alichonga upande wa ndani tu. Kila kisu kilipotaka kuzunguka nje, na kilitaka mara nyingi, alikitoa akakichomeka ardhini, akapumua, akaanza tena. Palipopinda alipapasha kwenye jivu la moto, akaweka mguu, akapanyoosha.

Sokolo akapanda kuja kuchungulia. "Bado upo?"

"Unaniona."

Sokolo akauchukua upinde, akapitisha kidole upande wa nje kutoka ncha mpaka ncha. Alitafuta pa kucheka, hakupaona. "Mbona umeuacha mnene? Ni mtoto huyu."

"Anavuta kwa mgongo."

"Nani kakwambia?"

"Wewe ulikuwa unaangalia asali yako. Mimi nilikuwa namwangalia yeye."

Sokolo akaupima upinde tena mkononi. Halafu akapekua mfuko wake wa ngozi, akatoa kamba iliyosokotwa ya mshipa wa mgongo wa swala. "Funga hii. Hiyo kamba yako ya nailoni wapelekee wageni."

Gela akaichukua. Shanga hakuweka hata moja. Alipaka mafuta, basi.

Kesho yake alishuka, akakaa kwenye mawe ya watoto, upinde magotini. Hakumwita mtu. Alijua alichokishika, na mtu anayejua alichokishika hapigi kelele. Watoto wakaja wenyewe, Magasa nyuma yao.

"Wa nani huo?" Magasa akauliza.

"Wa atakayeuvuta."

"Nipe."

Akapewa. Akavuta, kamba ikafika mdomoni, ikamshinda, ikarudi. Saiboko akaanza kucheka.

"Mgumu," Magasa alisema.

"Mgumu. Ule wa kwanza ulikuwa laini, mwenyewe uliona mshale ulikofika."

Mtoto akaushika upinde upya. Akarudisha mguu mmoja nyuma, akapanua mabega, na safari hii kamba ikapita mdomo, ikagusa sikio. Mshale ulitoka hata hawakuuona. Waliusikia tu ng'ambo ya korongo, umejikita kwenye mti mkavu ambao hakuna mtoto wa kambi ile aliyewahi kuufikia. Saiboko aliacha kucheka. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kakuchongea?"

"Gela," Magasa akajibu.

Hakusema baba. Gela hakuhitaji. Jina lilitosha, na lilitamkwa kwa majivuno.

"Mishale yangu mibovu," Magasa akamwambia. "Huu utaivunja yote."

"Tutachonga mingine."

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho utakuwepo?"

Siku nyingine Gela angewaka. Siku hiyo hakuwaka. "Nitakuwepo."

"Na keshokutwa? Mishale inakauka kwanza, haiishi siku moja."

"Na keshokutwa."

Magasa akafikiri. "Basi jenga kibanda. Mvua iko karibu, na mimi silali nje." Akaruka jiwe, akaenda kutafuta mshale wake.

Kujenga kibanda ni kazi ya wanawake, na Gela hakuwa na mwanamke. Akachukua kisu, akaingia kwenye nyasi, akaanza kukata, Sokolo anacheka mpaka anashika tumbo. Nange alitazama, akarudi kwenye mizizi yake. Aliyeinuka ni Bibi Shakwa. Alikuja taratibu na fimbo yake ya kuchimbia mizizi, akasimama nyuma yake.

"Unakata kama unachonga," alisema. "Shika kwa chini. Kwa chini, we."