Mzee Hiza na Kitambaa Chekundu cha Tochi

Mnaonijua mnajua sina porojo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Malindi ya milimani, si ile ya pwani, miaka ya Ujamaa, nilipokuwa mrina asali wa kikundi cha kijiji.

Asali tulirina usiku, tochi imefungwa kitambaa chekundu, maana mwanga mwekundu nyuki hawauoni. Mweupe wanaufuata mpaka machoni pako. Ndivyo alivyokufa Mzee Hiza: alikwenda mzingani na tochi tupu, bila kitambaa. Mjane wake, Mama Zaina, jirani yangu, alikuwa akijilaumu kwa kifo kile, na sababu hakumwambia mtu. Miaka mitatu mama yule hakula akashiba. Nilimwonea huruma sana.

Basi usiku mmoja nafika chini ya mti wa mzinga, namkuta mtu kakaa. Nikammulika kwa ule mwanga mwekundu. Uso umevimba, macho hayaonekani, nyuki wanamtembea mikononi taratibu. Nikataka kuvua kitambaa nimwone vizuri.

"Usifungue, mwanangu! Watakuua."

Sauti niliijua. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi mdomo ulitangulia akili: "Shikamoo, Mzee Hiza."

"Marahaba. Mama Zaina hajambo?"

"Hajambo kidogo, mzee. Analia."

Akasema, "Mwambie kitambaa nilikiona kambani, alikokianika. Nilikuwa na haraka, nikaona uvivu kungoja kikauke. Kosa ni langu, si lake."

Kupepesa macho, hayupo. Asali sikurina. Nilishuka mlima mbio, viatu nikaviacha huko huko.

Asubuhi nikamweleza mjane. Alikaa chini pale pale jikoni, kwenye majivu. "Nilikifua bila kumuuliza," akasema. "Sikumwambia mtu yeyote, baba. Hata wanangu." Tulilia wote wawili, na mimi si mtu wa kulia. Mchana alisonga ugali, akala, akaongeza.

Mpaka leo nikiona mwanga mwekundu, hata wa taa ya nyuma ya gari, hujikuta natoa shikamoo. Nawe ukienda kurina, tochi nyeupe iishie njiani. Chini ya mzinga funga kitambaa chekundu, hata kama kimelowa. Na ukimkuta mtu amekaa pale, usimmulike kwa mweupe. Msalimie, umsikilize, kisha ufikishe alichokutuma. Usikikalie.