Chungu kimoja cha Yaya Clémence

…na ndiyo maana jana sikumjibu yeyote aliyeniuliza kama ni kweli. Niliona nikijibu ndiyo, basi imekuwa kweli. Leo najibu. Yaya Clémence ametuacha, homa ya siku chache tu, na wamemzika Bunia mimi nikiwa huku Ariwara.

Namwita Yaya, yaani dada mkubwa, ingawa si dada yangu wa damu. Ni dada niliyempata kwenye beseni la maji machafu.

Wengi mnajua nilifanya kazi na wale wachimbaji wa mambo ya kale, kwenye ngome ya zamani ya Wabelgiji, ile iliyolinda mpaka. Kazi yetu sisi wawili ilikuwa kuosha vigae vya vyungu na sahani kwa mswaki, kuvianika, kisha kuviunganisha kimoja kimoja ndani ya sanduku la mchanga.

Kigae kikavu ukikitia majini kinatoa sauti ndogo, fsss, kama mtu anayevuta pumzi. Siku ya kwanza niliruka. Yaya akacheka mpaka akakaa chini. "Weye, iko anakusalimia tu. Mujibu."

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa, na akili yangu yote ilikuwa kwa Innocent. Naosha huku natabasamu peke yangu. Yaya ananitazama: "Unaosha kigae ao unaosha meno ya fiancé?"

Sahani za wakubwa wa Kibelgiji zilikuwa na maua ya bluu, nzuri sana, nilizipenda. Yeye hakuzijali. Alipenda vyungu vyeusi vya kupikia, vilivyotoka kwenye shimo nyuma ya jiko la ngome.

Vyungu hivyo vilikuwa na tundu chini. Sote tulidhani ni koleo la wachimbaji, na chef wa chantier, msimamizi wa uchimbaji, alikuwa amewagombeza vijana. Yaya akageuza kimoja kwenye mwanga, akaona ukingo wa tundu umechakaa, ni tundu la zamani, si la koleo. Kisha akatuambia desturi ya kwao Djugu: mama akifa, chungu chake kinatobolewa na kuwekwa kaburini, ili asirudi kukitafuta.

Chef alivua kofia. Kumbe pale jikoni walikufa wanawake, wapishi, wake za askari, na kuna mtu aliyewaaga vizuri.

Lakini chungu kimoja hakikuwa na tundu.

Tulikiunganisha hadi kigae cha mwisho, chini kizima kabisa. Yaya alikizunguka, hakukaa. "Huyu bado anatafuta," alisema. Tangu hapo, kila asubuhi akiingia laboratoire, chumba chetu cha kazi, alikisalimia kile kwanza, kabla yetu.

Ndani yake, pale mfinyanzi alipobonyeza udongo, kulikuwa na alama za vidole. Siku moja Yaya aliingiza mkono. Vidole vyake vikakaa palepale, hata kile kidogo chake kilichopinda tangu utotoni. Sikuwahi kuona kidole kingine kilichopinda hivyo. Alitoa mkono polepole, akaufuta kwenye kitenge, akarudi kwenye beseni.

Nilipoolewa, wengine walileta sufuria na mashuka. Yaya alikuja na chungu kichwani, akicheza tangu barabarani. Alikifinyanga mwenyewe, mfano wa kile cha ngome, akakichoma kwa majani makavu nyuma ya nyumba ya mama yake, mtaa wa Bigo, Bunia. Akamwambia Innocent mbele ya watu wote: "Shemeji, ukifanya huyu mutoto alie, hiki chungu kitaniambia."

Jamani, nilivyokipenda. Mume wangu (bado naona utamu kuandika maneno haya mawili) anasema maji ya chungu hiki yana ladha ya mvua. Asubuhi tunakunywa kikombe kimoja, yeye kwanza, mimi baadaye, kama wajinga wawili wenye furaha. Ndani kuna alama za vidole vya Yaya. Kidole kidogo kimepinda.

Juzi mama yake Yaya alinipigia simu. Hakulia, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Mutoto yangu, tumemuzika bila chungu."

Nikauliza, "Hata kimoja?"

"Vyake vyote vilibaki Djugu siku tulikimbia vita. Hapa Bunia alifinyanga kimoja tu. Kile iko kwako."

"Ndiyo, mama."

"Sikulazimishi. Ni zawadi ya ndoa yako. Lakini asubuhi nakuta masufuria yangu yamegeuzwa, yote. Kama mutu anaangalia chini yake."

Nilikaa na simu mkononi. Niwaambie ukweli, mawazo ya kupiga tundu kile chungu yaliniuma kuliko nilivyotarajia. Ni kitu cha kwanza kizuri cha nyumba yetu. Nilijiambia labda sufuria moja ya duka ingetosha kwa kaburi lake.

Jana mchana Innocent alitoka jikoni, uso umebadilika. "Chérie, chungu chako kinavuta pumzi." Nikamwambia ni udongo, ukikauka unafanya hivyo ukitiwa maji. Akasema hajatia maji. Nikaenda kutazama. Nilikuwa nimekijaza asubuhi hadi juu. Kilikuwa kikavu.

Hatukubishana. Alikifunga kwa blanketi letu jipya, lile la harusi, akaniambia, "Tumpelekee."

Yaya wangu, asante kwa kunicheka, asante kwa kucheza kwenye harusi yangu mpaka ukapoteza kiatu. Nimempata mume mwema, usihangaike juu yangu. Na acha sufuria za mama, chungu chako hakipo pale.

Sikuambii ulale sasa, maana najua hutalala. Subiri kidogo tu. Tutakitoboa palepale kaburini, mimi nitashika, mama atapiga. Kabla mwezi huu haujaisha, nafika Bunia na chungu chako.